Uso wa Kuazima

Gari dogo jeupe lilipoegeshwa mbele ya kibanda chake, Thuo aliyatazama magurudumu kabla ya kumtazama dereva, kama wafanyavyo mafundi wote wa pancha. Yote manne yalikuwa mazima. Akadhani labda ni upepo tu unaotakiwa, akaanza kuvuta mpira wa kompresa.

"Wacha, boss. Sitaki upepo," akasema mwanamke aliyeshuka. "Nimekuja kukuona wewe."

Pale Mai Mahiu malori hupumua kabla ya kuukabili ule mlima wa kwenda Nairobi, na fundi wa pancha hakosi kazi. Thuo alikuwa amezaliwa hapo na kukulia hapo, mwana wa pekee wa Wachuka, muuza githeri ya mahindi na maharagwe. Miaka yake thelathini na kitu yote ilikuwa imepita katika vumbi hilo, na watu waliomjia walimletea matairi, si maneno. Mwanamke huyu alivaa nadhifu kama mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Ulinitengenezea tairi hapa mwaka juzi," akasema. "Hunikumbuki."

"Madam, natengeneza mengi."

"Najua. Uliinama muda wote. Ulipomaliza ukainua kichwa, nikashindwa hata kusema asante. Niliendesha mpaka karibu na Naivasha, nikaweka gari kando, nikalia. Ulikuwa na uso wa baba yangu."

Thuo akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua afanye nini kingine. "Watu hufanana."

"Hawafanani hivyo." Mwanamke akashusha sauti. "Mama yako aliwahi kuishi Kuresoi?"

Cheko likamkauka Thuo mdomoni. Kuresoi alilijua kwa jina tu. Mama yake aliwahi kumwambia kwamba zamani alilima viazi huko, kabla ya vita vya tisini na mbili, majirani walipochomeana nyumba kwa ajili ya uchaguzi. Alimwambia pia kwamba baba yake alifia katika vita hivyo. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema, na Thuo alikuwa amejifunza mapema kutouliza.

"Aliishi," akajibu. "Baba yangu alifia huko kwenye vita."

Mwanamke akatazama chini, akawa anasukuma kijiwe kwa ncha ya kiatu. "Mimi naitwa Chepkemei. Baba yangu ni mzee Kemboi wa Kuresoi. Amefariki Jumanne hii."

Wengine hufiwa na baba waliyemjua, wakamlilia kwa kumbukumbu. Thuo alipewa baba na kunyang'anywa katika sentensi moja, tena akiwa ameshika mpira wa kompresa unaovuja. Hakulia. Alizima mashine, akavuta kiti cha plastiki, akampa mgeni, naye akaketi juu ya tairi.

Ndipo Chepkemei akaeleza kilichomleta. Siku hizi, alisema, mtu hazikwi bila picha. Picha inawekwa kwenye bango langoni, kwenye beji za kifuani, juu ya programu ya mazishi, na kubwa kuliko zote hutangulia mbele ya jeneza. Lakini mzee Kemboi alikuwa amekataa kupigwa picha tangu Chepkemei akiwa mdogo. Kanisani wazee wenzake wakipangwa mstari, yeye hukumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Wajukuu walimvizia kwa simu, wakaambulia ukingo wa kofia na kiganja kilichoinuliwa. Picha ya kitambulisho ilikuwa imefutika, imebaki kama doa la chai.

"Mama analia," akasema Chepkemei. "Anasema hawezi kumzika mtu asiye na uso. Nimepata mchoraji hapo Nakuru, mkali sana, lakini hawezi kuchora hewa. Nakuomba uje ukae mbele yake."

"Na mazishi?"

Chepkemei alilifuata kwa macho lori moja lililopita, na jingine.

"Mazishi naomba usije. Mama hajui kama uko. Ana presha. Amefiwa na mume. Nisimfanye afiwe mara mbili."

Thuo alimwambia ampe muda.

Alimkuta mama yake uani akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakumsalimu. "Kemboi amekufa," akasema.

Mkono wa Wachuka ukasimama katikati ya maharagwe. "Nani amekuambia?"

Hakuuliza Kemboi yupi. Thuo akachuchumaa.

"Mama, uliniambia alikufa kabla sijazaliwa."

"Kwangu alikufa." Wachuka akauweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na madereva, lakini sasa alionekana amepungua. "Nililima kwake miaka miwili. Nikipikia wafanyakazi jikoni kwa mke wake. Kilichotokea kati yetu sitakueleza, wewe ni mtoto wangu. Vita vilipoanza, vijana waliweka magogo barabarani wakitafuta watu wetu, Wakikuyu. Kemboi alinilaza ndani ya pikapu, akanifunika kwa magunia ya viazi, akaendesha mwenyewe. Walimsimamisha. Nilisikia mmoja akilipiga gunia kwa rungu. Kemboi akawatukana kwa lugha yao, wakampisha. Akanishusha kanisani Molo, akasema atarudi Jumapili."

"Hakurudi."

"Jumapili ni nyingi, mwanangu."

Alijipangusa mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na kitu.

"Alikuja mara moja tu. Wewe ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, akawa anakutazama ukisukuma tairi na wenzako. Nikamwona. Akaniona. Malori yakapita katikati yetu, na yalipokwisha hayupo."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita nikuambie nini? Njoo umwone mtu anayeondoka?"

Thuo alijaribu kuikumbuka siku ile. Alikumbuka matairi, marafiki, kiu. Mtu mwenye kofia hakumpata popote.

"Nenda ukakae mbele ya huyo mchoraji," Wachuka akasema mwishowe. "Yeye alinifunika nikaishi. Asizikwe bila uso."

Mchoraji aliitwa Mercyline. Alikuwa na chumba ghorofani mjini Nakuru, juu ya duka la vitambaa, na mtu akiingia humo alikutana na nyuso kila upande. Uchaguzi ulikuwa unanukia, kwa hiyo upande mmoja walipangwa wagombea, meno meupe na mashavu yamejaa. Upande wa pili walikuwa marehemu.

"Hawa," Mercyline akasema, akionyesha wagombea kwa brashi, "wanataka niwapunguzie miaka. Na hawa, watu wao wanataka niwaongezee uhai. Kazi yenyewe ni uongo mdogo mdogo. Keti hapo, boss. Angalia dirisha."

Thuo akaketi. Chepkemei akasimama nyuma ya mchoraji, mikono kifuani. Mercyline akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ni mtu tu anayefanana na baba," Chepkemei akajibu upesi.

Thuo hakuyaondoa macho dirishani. Nje palikuwa na paa la bati na njiwa wawili. Aliwatazama njiwa hao kama aliyeajiriwa kuwachunga.

Mercyline alimchora kwanza kama alivyo, kisha akaanza kumzeesha. Hapo ndipo Chepkemei alipoanza kazi yake ya kusahihisha. Nywele zirudi nyuma kidogo. Mvi zianzie masikioni. Mashavu yashuke.

"Alikuwa na mkunjo hapa, kati ya nyusi," akasema. "Kama mtu anayesoma maandishi madogo."

Thuo akakunja uso.

"Si hivyo, hapo umekasirika. Baba hakuwa amekasirika. Alikuwa... ngoja." Akamwendea, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikakaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Hapo. Usitoke hapo."

Kwa njia hiyo Thuo alianza kumjua baba yake, kwa kukosea na kusahihishwa. Alijua kwamba mzee hakuonyesha meno akicheka, alichekea puani, mabega yakitikisika. Alijua kwamba alikuwa akiinamisha kichwa upande wa kulia kwa sababu sikio la kushoto lilimsaliti. Akapata ujasiri, akaanza kuuliza mwenyewe bila kugeuza shingo.

"Alipenda nini?"

"Viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Hata tukipika wali, yeye anatafuta majivu."

"Aliimba?"

"Kanisani, akidhani hakuna anayesikia."

"Alikuwa mtu mkali?"

Chepkemei akafikiri. "Alikuwa mtu wa kunyamaza. Sisi tulidhani ni ukali. Sasa sijui."

Mercyline alipofika kwenye macho aliinua brashi. "Mwalimu, macho yalikuwaje?"

Chepkemei akafumba yake, akajitahidi. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi. "Unajua, siwezi kukuambia. Kofia iliyafunika kila siku. Nimekaa na baba yangu maisha yangu yote, na macho yake siyakumbuki vizuri. Acha tu kama yalivyo."

Picha ilipomalizika, wote watatu walisimama mbele yake. Thuo aliona mtu mzima mwenye mvi, kichwa kimeinama kidogo, anayekaribia kucheka. Alikuwa yeye mwenyewe baada ya miaka thelathini ambayo hajaiishi. Akatoa simu.

"Naweza kuipiga?"

Chepkemei akasita. "Piga. Lakini usiiweke kwa stetasi. Tafadhali."

"Siwezi kuiweka," Thuo akasema. "Niiandikie nini?"

Siku ya mazishi aliamka akajiambia anaenda kazini, akaoga, akavaa koti lake zuri. Njiani akajiambia anaenda kuiona tu barabara ambayo mama yake alipitishwa chini ya magunia. Alipofika Molo akapanda pikipiki kwenda Kuresoi bila kujiambia kitu tena. Kulikuwa na ukungu, na baridi ya huko juu ilipenya mpaka kwenye mifupa ya mtu aliyezoea joto la bondeni. Alivuta marvin, kofia yake ya sufu, mpaka kwenye nyusi, akavaa maski. Hakuna aliyeshangaa, wengi walikuwa na mafua.

Langoni palikuwa na mabango mawili. Moja la familia. La pili lilikuwa la mheshimiwa mmoja anayetafuta kura, limeandikwa pole nyingi kwa familia ya mzee wetu, na uso wa mheshimiwa ulikuwa mkubwa mara tatu ya uso wa marehemu. Wasichana wawili walisimama hapo na sinia la beji. Mmoja akambandika Thuo kifuani bila kumtazama. Basi akaingia kwa baba yake akiwa ameuficha uso wake na kuuvaa kwenye koti.

Chini ya hema Chepkemei alimwona mara moja, na maski yake na marvin yake. Akafumba macho, akayafumbua, kisha akageukia upande mwingine. Hakumfukuza.

Jeneza liliwasili, na picha ikitangulia mbele, imefunikwa kitambaa cheupe. Ilipofunuliwa, watu waliguna kwa pamoja. "Ni yeye kabisa!" mama mmoja akasema kwa Kiswahili. "Utadhani ataongea!" Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa kukubali. Watu waliinua simu, na mzee Kemboi aliyekimbia kamera maisha yake yote akapigwa picha na umati mzima.

Kisha wakapanga foleni kumwona marehemu. Thuo alisimama kwenye foleni hiyo. Aliwaza kwamba sasa, angalau mara moja, watakuwa uso kwa uso. Zamu yake ilipofika akainama juu ya kile kidirisha cha jeneza.

Ndani alilala mzee mdogo aliyekaushwa na ugonjwa. Mashavu yalikuwa yamezama, pua imekuwa nyembamba kama ya ndege, midomo imevutwa ndani. Hakufanana na picha. Hakufanana na Thuo, wala na mtu yeyote. Kile alichokuja kukitafuta kilikuwa kimeshaondoka, na sura pekee ya Kemboi iliyobaki pale uwanjani ni ile aliyokuja nayo Thuo mwenyewe kutoka Mai Mahiu. Mtu wa nyuma akamgusa bega kwa upole, naye akasogea.

Thuo alikuwa bado karibu na jeneza wakati mama mzee alipoinuka kwenye kiti chake. Cheruto, mjane wa marehemu, alikuwa mwembamba na mrefu, na alikataa kushikwa mkono. Alisimama kwa jeneza kidogo, kisha akaiendea picha. Aliitazama kwa muda, akaanza kuipapasa kwa ncha za vidole kama mtu anayemnawisha mtoto. Paji la uso, pua, kidevu. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa karibu kutabasamu.

Vidole vikafika kwenye macho, vikasimama.

Akarudi hatua moja nyuma. Akamwita Chepkemei karibu na kumwambia jambo kwa lugha yao, taratibu, bila hasira. Thuo hakuijua lugha hiyo, hata neno. Lakini katikati ya maneno yale yote asiyoyaelewa alisikia moja analolijua tangu azaliwe. Wachuka.

Chepkemei akageuka kumtafuta katika umati. Thuo hakungoja apatikane. Alipita nyuma ya hema, akapita kando ya shamba la viazi lililokuwa limetoa maua, akashika njia. Nyuma yake spika ziliendelea, mheshimiwa ameanza kusalimia wananchi. Akiwa mbali barabarani alisikia wimbo wa kuteremsha jeneza. Alisimama mpaka ulipokwisha, akavua marvin kwa heshima, akaendelea kutembea.

Majuma machache baadaye gari jeupe lilirudi kibandani, safari hii alasiri ya Jumamosi. Chepkemei alitoa kwenye kiti cha nyuma kitu kipana kilichofungwa kwa shuka.

"Mama amesema isikae kwa nyumba," akasema. "Usimwone mbaya. Alijaribu. Aliitundika juu ya meza. Juzi akaniambia, pua ni ya mume wangu, mdomo ni wake, lakini kila nikila ni Wachuka ananiangalia."

"Aliyakumbuka macho ya mama yangu?"

"Walipika jiko moja miaka miwili. Mimi ndiye sikujua. Nilikuwa mtoto wa mgongoni." Akajipangusa uso. "Nilikutafuta wakati wa kuweka udongo."

"Nilikuwa nimeshaondoka."

"Mama aliuliza uko wapi."

Thuo akainua kichwa. "Aliuliza kwa nini?"

"Hakusema. Alishika udongo mkononi, akauliza yule kijana wa maski, mwenye macho yale, yuko wapi. Tukakungojea kidogo. Halafu mchungaji akasema mvua inakuja."

Neno hilo lilimwingia Thuo na kukaa. Hata leo, akiwa chini ya lori na spana mkononi, humrudia. Angengoja kidogo tu. Huenda mama mzee alitaka kumtia kiganjani ule udongo. Huenda alitaka kumfukuza mbele ya watu. Hatajua, kwa sababu Cheruto naye hakuumaliza mwaka. Alizikwa kando ya mumewe, na safari hiyo Thuo alialikwa kwa jina, lakini hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Shamba hakulidai, wala hakuna aliyelitaja mbele yake. Chepkemei humpigia simu. Mwanzoni alimwita Thuo, siku moja akateleza akamwita ndugu yangu, na wote wawili wakanyamaza kwenye simu kama watu waliovunja kikombe.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile waliibeba picha pamoja mpaka kwa Wachuka, wakaivua shuka, wakaiegemeza kwenye ukuta wa mabati. Chepkemei akamwamkia mama huyo kwa adabu. Wachuka akaitikia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ndiye ulikuwa unalilia mgongoni," akamwambia, "nikipika." Kisha macho yake yakaenda kwenye picha na hayakutoka tena hapo.

"Hebu tokeni kidogo," akasema.

Wakatoka, wakasimama uani kati ya sufuria za githeri. Mlango ukarudishwa. Kwa muda hapakusikika kitu ila malori yakibadilisha gia mlimani. Halafu sauti ya Wachuka ikaanza kusikika kupitia mabati, ya chini, laini, ya mtu aliye na mengi. Thuo alitega sikio. Hakikuwa Kikuyu. Hakikuwa Kiswahili. Mama yake alikuwa akizungumza lugha ya Kuresoi, bila kukwama, lugha ambayo mwanawe hakuwahi kumsikia akiitamka tangu azaliwe.

Chepkemei alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka juu ya vidole.

"Anasema nini?" Thuo akamuuliza.

Chepkemei akatikisa kichwa, akamshika mkono, wakangoja hapo nje mpaka Wachuka alipomaliza.